Kifundo cha Tatu

Broken Hill, 8 Septemba 1996

Mjomba Maciu,

Shikamoo kutoka nchi ya vumbi jekundu. Mimi ni mzima, isipokuwa pua. Imeziba tangu Agosti, na daktari wa mgodini ananiambia ni vumbi, kana kwamba nilikwenda kwake anifundishe hilo. Mama ameniandikia kwamba mguu wako umepona na kwamba umekonda. La mguu nimelifurahia, la kukonda sikulipenda. Kula, mjomba. Mkaza mjomba hayupo tena wa kukupakulia, lakini kwa Mama ni hatua chache, na sufuria ya dada yako haijawahi kumnyima mtu.

Huku hakuna bahari hata ya kusingiziwa. Nilipokwambia hivyo matangani ulidhani natia chumvi. Ukipanda kilima unaona ardhi tu, na baada ya ardhi, ardhi.

Sasa niseme kilichonikalisha kitako. Ni gitaa la besi. Unakumbuka baada ya maziko ya marehemu mkaza mjomba Vasiti uliapa mbele ya wazee kwamba hutagusa uzi mpaka siku ya kuvua nyeusi za msiba. Mimi nikasimama nikasema, "Basi mjomba, besi hili ni langu." Watu walivyopiga makofi! Na wewe ukacheka, mara ya kwanza tangu msiba uingie. Nikikumbuka kicheko kile naona nilifanya vyema kulichukua.

Nimepata wenzangu wa kupiga nao muziki hapa, wachimbaji kama mimi, kwenye klabu siku za Ijumaa. Wanasema besi langu linasikika kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Kumbe kuna kikuza sauti kipya cha kuweka tumboni mwa gitaa. Hicho chako cha zamani kina betri moja na vifundo vitatu vya kuzungusha: cha ukubwa wa sauti, cha sauti nene na cha sauti nyembamba. Hiki kipya kina betri mbili na vifundo vinne, maana kinaongeza sauti ya kati. Nataka kukibadilisha. Najua mimi ni vasu, mtoto wa dada, na vasu haombi ruhusa kwa mjomba wake. Lakini mimi naomba.

Mpwa wako,
Isikeli


Savusavu, 20 Oktoba 1996

Mpwa wangu Isikeli,

Barua yako imefika imelowa, nadhani ilikuja kwa kuogelea. Sote wazima. Mama yako mzima na bado ana ugomvi na jogoo wa jirani, jogoo anashinda. Sakiusa wa dukani amepata mjukuu mwingine na bado anajiita kijana. Kuhusu kukonda kwangu, mwambie mama yako aache uchongezi. Mtu akivaa nyeusi huonekana mwembamba, ndiyo kazi ya nyeusi.

Eti ruhusa! Umeanza lini adabu? Mtoto wa dada akisema "hiki changu," mjomba kazi yake ni moja tu, kusema ndiyo na kuonyesha meno. Ungetaka nguruwe wangu, ungeondoka na nguruwe. Umetaka gitaa, umeondoka na gitaa. Litoboe, lipake rangi, lichanje kuni, hayanihusu. Ila ukilifungua gitaa langu, fungua skrubu taratibu, mbao yake ni laini. (Nimeandika "langu." Ni mkono na mazoea yake. Soma "lako.")

Na usiache waya umechomekwa. Ukichomeka tu, betri inaanza kuliwa, upige usipige. Mimi nilikuwa nasahau kila jioni tukitoka kupiga pale hotelini, mpaka Vasiti akaifanya kazi yake. Wimbo ukiisha, yeye anachomoa, ndipo watalii wanapiga makofi.

Tutavua nyeusi Jumamosi tarehe 12 Aprili. Wazee wamesema kiapo changu kitafunguliwa ukumbini siku hiyo hiyo: nipige wimbo mmoja mbele ya watu, ndipo watu wale. Sakiusa ataleta spika yake. Kwa hiyo najiandaa. Jioni natembeza vidole kwenye ukingo wa meza ili visisahau njia.

Basi. Mvua inakuja na nguo ziko nje.

Mjomba wako,
Maciu


Broken Hill, 17 Novemba 1996

Mjomba,

Shikamoo, na msalimie Mama, na jogoo pia kwa kuwa ndiye mshindi. Pua yangu imefunguka. Joto la huku sasa hivi linatosha kukaanga yai juu ya kofia ya mgodini. Kuna mtu alijaribu, yai likaiva, kofia ikanuka wiki nzima.

Mjomba, nimelifungua gitaa. Skrubu taratibu, kama ulivyosema. Nikanyanyua kifuniko cha nyuma, nikachora karatasini kila waya ulikotoka na unakokwenda, maana mimi ni fundi umeme na sitaki kuaibika. Kifundo cha kwanza sawa. Cha pili sawa. Cha tatu, cha sauti nyembamba, hakikuungwa na kitu! Waya wake umekatwa. Si kwamba umechomoka wenyewe, umekatwa kwa kitu chenye makali, na ncha imekunjwa pembeni vizuri.

Sasa nieleze. Nilipokuwa najifunza kwako barazani nilikuwa nakizungusha kifundo kile kila siku. Nakizungusha kidogo, nasema, "Sikia mjomba, sasa inang'aa!" Nakirudisha, nasema, "Sasa imetulia." Na wewe unatikisa kichwa, unasema, "Naam, una masikio." Nilikuwa nasikia nini? Miaka yote ile nimejisifia masikio kwa kuzungusha kitu kilichokufa!

Nani aliukata? Nimejicheka peke yangu chumbani mpaka mama mwenye nyumba akabisha mlango kuuliza nina mgeni gani. Nikamwambia sina.

Isikeli


Savusavu, 15 Desemba 1996

Mpwa wangu,

Krismasi njema, kwa kuwa barua hii itakufikia ama kabla ama baada. Mama yako amefuma mikeka mitatu kwa ajili ya Aprili na anasema haitoshi. Hakuna aliyemwambia haitoshi. Mimi mzima. Usiku nalala vizuri, ni jioni ndiyo ndefu.

Nilipoisoma barua yako nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Sasa inang'aa!" Ulikuwa unafumba macho ukisema hivyo. Ningekwambiaje? Ulikuwa na furaha.

Mimi ndiye niliyeukata. Kwa mkasi wa Vasiti wa kukatia vitambaa, na nikasemwa kwa ajili ya mkasi huo mpaka Pasaka.

Ilikuwa hivi. Pale hotelini mimi nilipenda kusikika. Sauti nene watu huisikia tumboni, hawajui inatoka wapi, na mimi nilitaka wajue. Kwa hiyo nilikuwa nakifungulia kifundo cha tatu mpaka mwisho, nyuzi zinalia kama vijiko, watalii wanageuka kuniangalia. Vasiti anaimba hapa karibu yangu, kulia. Nikizidisha, ananikanyaga mguu. Anatabasamu kwa wageni huku kisigino chake kiko juu ya vidole vyangu. Mimi napunguza. Baadaye naongeza, ananikanyaga tena. Ndivyo tulivyoishi.

Jioni moja alifika pale pa juu kwenye wimbo wake, pale alipokuwa anapapenda, na mimi nikapafunika pote kwa vijiko vyangu. Makofi yakawa yangu. Nikangoja kisigino. Hakikuja. Aliacha kuimba, akasimama mikono imelala ubavuni, mpaka wimbo ukaisha. Nyumbani akanipakulia chakula kama kawaida.

Kesho yake nikachukua mkasi. Sikumwambia. Yeye akadhani nimekua, akawa anawaambia wanawake wenzake, "Siku hizi Maciu wangu amekuwa mtu mzima." Niliona aibu, lakini pia nilipenda kusikia. Na mguu hakuuacha. Hakuwa na sababu tena ya kunikanyaga, lakini kila wimbo aliuweka juu ya wangu, mwepesi, ukae tu pale.

Mtu wa kumweleza haya nilikuwa sina, ndiyo maana barua imekuwa ndefu. Ukiweka hicho kikuza sauti kipya unganisha au usiunganishe, shauri yako.

Ukumbi wameupaka rangi. Ya kijani, sijui nani aliichagua.

Maciu


Broken Hill, 26 Januari 1997

Mjomba,

Shikamoo. Nimeichelewesha barua hii kwa sababu niliisoma yako mara nyingi. Mimi mzima. Msalimie Mama, mwambie mikeka inatosha.

Kazi imekwisha. Nimetoa cha zamani, nimeweka kipya. Nilikuwa na hofu nafasi haitatosha betri mbili, zikaingia kwa kubanana kama abiria. Nimetoboa tundu jipya kwa ajili ya kifundo cha nne, na keekee iliniteleza kidogo, nakwambia kweli. Nililehemu waya mmoja mmoja. Nilipochomeka na kugonga uzi mnene, kioo cha dirisha kilijibu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukwambia Septemba. Wale wenzangu wa klabu walikuwa wameshaniacha tangu Julai. Walisema besi langu limezeeka na mimi nakaa kimya mno. Ijumaa nilikuwa nakaa chumbani napiga peke yangu. Wiki iliyopita nimewapelekea gitaa jipya, wakasikiliza, wakatazamana. Kiongozi wao akanipiga begani akasema, "Ulikuwa umejificha wapi, bwana mkubwa?" Wamenirudisha! Tuna dansi kubwa ya Pasaka, na jina langu limeandikwa kwenye tangazo, ingawa wamelikosea. Baada ya mazoezi huwa wananikaribisha kula. Mjomba, hujui ninavyofurahi kula na watu.

Lakini nikiwa nalehemu, pasi ya kulehemia mkononi, nikaukumbuka ukingo wa meza. Ulisema unatembeza vidole kwenye ukingo wa meza. Niliisoma barua ile ya Oktoba nikacheka. Sasa nauliza.

Tarehe 12 utapiga nini?

Isikeli


Savusavu, 16 Februari 1997

Mpwa wangu,

Umeuliza swali. Mihogo mwaka huu imezaa vizuri, mikubwa kama paja la Sakiusa. Viazi vikuu pia. Mvua imezidi lakini paa linashikilia. Mama yako mzima. Jogoo ameliwa, si na sisi.

Nimefurahi kwamba unakula na watu. Nimefurahi kuliko unavyofikiri. Pigeni hiyo Pasaka mpaka vumbi lenu lipande angani.

Sina jingine.

Maciu


Broken Hill, 2 Machi 1997

Mjomba,

Shikamoo. Mihogo nimeisikia.

Nimempigia Sakiusa simu dukani. Nikamuuliza, akajikuna (nilisikia anajikuna), akasema, "Ah, mjomba wako ataazima." Kwa nani? "Ah, kuna watu." Nikajua hakuna watu. Besi la umeme hapo lilikuwa moja, na lilikuwa limelala chini ya kitanda changu huku jangwani.

Nilidhani nimekuheshimu. Mjomba asiyechukuliwa kitu na vasu wake ni mjomba maskini, ndivyo tulivyofundishwa, nami nikachukua kilicho kikubwa kuliko vyote ili watu wote wajue nakupenda. Na wewe ukaonyesha meno.

Kukurudishia siwezi. Vasu akirudisha anamtukana mjomba, anamwambia kitu chako kimenishinda. Na wewe usingelipokea, nakujua, ungeliegemeza kona ya nyumba na kulipita kama mgeni asiyealikwa. Nimezunguka na jambo hili mgodini mpaka msimamizi akaniuliza kama ninaumwa.

Halafu nikaona. Gitaa nililolichukua kwako halipo! Lile lilikuwa na betri moja na vifundo vitatu. Hili lina mbili na vinne, na tundu nimelitoboa kwa mkono wangu mwenyewe. Tumbo lake ni kazi yangu. Basi ni gitaa jingine, limetoka kwangu, sisi upande wa dada yako tunalileta kwenye shughuli kama tunavyoleta mikeka na mafuta. Mama ataliviringisha kwenye mkeka wa tatu, ule aliosema hautoshi. Wazee watapokea, na vitu vinavyoletwa kwenye kuvua nyeusi havikataliwi. Nimemuuliza Mama. Alilia, kisha akasema hakuna sheria niliyoivunja, nimeipitia ubavuni tu.

Sikiliza ya kiufundi. Kuna swichi ndogo kando. Betri zikifa katikati ya wimbo, ibonyeze, gitaa litaendelea bila betri, litapungua ukali tu. Hakuna wa kukuchomolea waya siku hizi, kwa hiyo nimeweka betri za akiba ndani ya soksi. Soksi ni safi.

Vifundo vitatu vinafanya kazi. Kile cha sauti nyembamba kwangu nilikiunga, na ndicho kilichowafanya wale jamaa watazamane. Kabla ya kufunga kifurushi nikaubandua tena waya wake. Ncha nimeizungushia utepe mweupe na kuilaza karibu na mahali pake. Sikuweza kuamua mimi. Amua wewe.

Mpwa wako,
Isikeli


Savusavu, 23 Machi 1997

Mpwa wangu,

Mama yako amepokea kifurushi kirefu kutoka melini na ananiambia ni mpini wa jembe. Sijauliza kitu. Barua yako ya Machi nimeiweka chini ya godoro na sitaisoma mpaka tarehe 12, kwa hiyo sijui lolote, na kama macho yangu ni mekundu ni moshi wa jikoni.

Nauliza tu, kama mtu ambaye hajasoma. Pasaka ni Jumapili ijayo. Jina lako liko kwenye tangazo. Utapiga nini?

Maciu


Broken Hill, 6 Aprili 1997

Mjomba,

Umeuliza swali. Huku mvua haijanyesha tangu Januari. Mbuzi wa mama mwenye nyumba wamekonda, lakini wamevaa nyeupe, kwa hiyo si nguo.

Dansi ilikwenda vizuri, niliisikia kutoka dirishani kwangu. Wamepata kijana kutoka Adelaide mwenye besi lake, na anapiga sawasawa, siwezi kusema uongo.

Kile kikuza sauti cha zamani nimekiweka dirishani. Waya wako uliokatwa bado umo. Nikirudi kazini nakisalimia.

Niandikie ilivyokuwa. Niandikie yote.

Isikeli


Savusavu, 20 Aprili 1997

Mpwa wangu Isikeli,

Barua yako ya mvua imefika. Nimeisoma nikaielewa, na nimemsomea Mama yako, naye akatoka nje kwenda kuangalia kuku ambao hana. Mwisho wa mwaka uje. Nauli si jambo la barua, tutazungumza na wajomba wengine, wewe ni vasu wa ukoo mzima na si wangu peke yangu. Ukifika, simama barazani useme tena kwa sauti, "Hili langu." Nitaonyesha meno. Safari hii utalichukulia papa hapa, utapiga papa hapa, na jioni utakula na watu.

Umesema nikuandikie yote.

Asubuhi tulivua nyeusi. Nilipewa shati la maua, nikajiona kama pazia. Kisha upande wenu wakaingia na mikeka, mama yako mbele, ameinama vizuri. Mkeka wa tatu ulikuwa mnene kupita kiasi na kila mtu alijua, hata watoto, na kila mtu alitazama dari. Wazee wakapokea. Mkeka ukakunjuliwa. Isikeli, niliona lile tundu ulilolitoboa, limekwenda upande kidogo. Nikaweka kidole pale.

Wakati wanapanga spika nikatoroka nyuma ya jiko. Nikafungua kifuniko kwa kisu cha mezani. Ncha ilikuwa pale, na utepe wake mweupe, kama kidole kilichofungwa. Sakiusa akaja, "Mzee, watu wana njaa! Mpaka upige ndipo wale, unajua?" Nikamwambia watu hawafi kwa saa moja. Nikatia msumari motoni, nikauondoa utepe, nikaunganisha waya. Kazi mbaya, utaicheka ukija. Sababu nitakwambia. Niliukata ili yeye asikike. Ningeuacha umekatwa siku ile, ningekuwa namwachia nafasi mtu ambaye tumekwisha kumvulia nyeusi.

Nikaingia, nikakaa mahali pangu. Kulia kwangu waliweka kiti cha mtu, kisha wakakumbuka, wakakiondoa. Nikapiga wimbo wake, peke yangu, besi tupu. Nikakifungua kifundo cha tatu mpaka mwisho. Mpwa wangu, ulifanya kazi nzuri. Kila kitu kilisikika, mpaka ngozi ya vidole vyangu ikisuguana na uzi, mpaka pale vilipokosea njia. Nilipofika pale pa juu pake hapakuwa na cha kufunika.

Watu walikula. Waya niliuchomoa mwenyewe, nilikumbuka.

Wimbo wote nilikuwa nimeuacha mguu wangu wa kulia mbele, ulipozoea kukaa. Hakuna aliyeukanyaga.

Mjomba wako,
Maciu